Mausi Isiyotulia

Tangu asubuhi Mzee Kyule hakutulia. Anakaa mbele ya kompyuta, anainuka, anachungulia njia ya kwenda soko la Mukuyuni, anarudi kukaa. Yeye ndiye mtunzi wa nyimbo za kwaya. Jumapili kanisa lao litafungua jengo jipya, na wimbo wa siku hiyo uko kichwani mwake tu, haujaandikwa hata ubeti mmoja.

Shida ilikuwa mkono. Tangu aanze kuugua ugonjwa wa kutetemeka, mausi ya kompyuta ilimkimbia. Akibonyeza mara mbili ili afungue folda ya nyimbo, mkono unateleza, folda inaburutwa na kutumbukia ndani ya nyingine. Akigusa herufi moja, zinatokea tatu.

"Hii Linux ndiyo mbaya!" alifoka. "Tuliwekewa programu ya bure kwa kompyuta, sasa inakula nyimbo zangu."

"Baba Syokau, usiipige," alisema mkewe, Kasyoka. "Pasta amesema Ben ndiye ataandika. Atakuja jioni kuchukua hiyo kazi."

Ben alikuwa katibu wa kwaya. Maneno hayo yalimkata Kyule maini. Miaka yote ameandika nyimbo zake mwenyewe, leo awekwe kando?

Kasyoka hakungoja zaidi. Alimpigia simu jirani yao Yvonne, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi.

"Nyimbo hazijaliwa, Mzee," Yvonne alisema alipofika, akaitoa folda ilimokuwa imetumbukia. "Kompyuta ilidhani unataka kuihamisha. Haijui mkono unatetemeka. Wacha tuiambie."

"Kwani huwa inaambiwa?"

"Inaambiwa. Fungua mipangilio."

Yvonne hakuigusa tena mausi. Alimwacha Kyule afanye mwenyewe, pole pole. Walipunguza kasi ya mausi, wakaukuza mshale wake. Wakachagua folda ifunguke kwa kubonyeza mara moja tu. Kisha wakaiamuru kibodi isihesabu herufi ikiguswa tena kwa haraka.

"Usiogope kubadilisha," Yvonne alisema. "Kitu isipokufaa, rudi hapo hapo uirudishe vile ilikuwa. Lakini nyimbo, weka nakala kwa flashi kila ukimaliza kuandika. Hiyo usingoje kukumbushwa."

Kyule alibonyeza mara moja. Folda ikafunguka. Alicheka kwa furaha, kicheko kikubwa hata Kasyoka akaja mbio kutoka jikoni. Kisha akaanza kuandika. Alikosea, akafuta, akaandika tena, jasho likimtoka.

Jioni Ben akabisha hodi. "Mzee, pasta amenituma nichukue wimbo nikauandike."

Kyule alimpa karatasi zilizotoka kwa printa wakati huo huo. Mkono wake ulitetemeka, wala hakuuficha.

"Mpelekee pasta," alisema. "Na waambie waimbaji, ubeti wa tatu, sauti ya pili inaanza mapema. Mkichelewa, nitawasimamisha mbele ya watu."