Ule Habakumuita

Weye mwenye unasoma, nikuulize: ukiita mutoto wako, nani anaitikaka wa kwanza?

Usicheke. Miye niko na diplome ya université, licence en lettres, mention distinction, imelala mu sachet juu ya armoire ya nguo, inakula vumbi. Kazi, zéro. Sina kazi, lakini sina wazimu. Ile nitakusimulia ilimufikia kambo yangu Constantin, baba ya baba yangu, wakati wa sécession, Katanga ilipojitenga na Congo, hapa hapa Lubumbashi, wakati bantu bangali banaiita Élisabethville. Na haikuishia kwake. Njo maana naandika.

Ilikuwa dimanche, misa imekwisha. Jua kali. Bamama banauzisha kalanga mbele ya salle ya Katuba, batoto banapita chini ya miguu ya bantu, orchestres zinashusha bangoma na magitare. Ilikuwa siku ya Micro ya Mukuba: kamicro ka shaba, kenye kungaa, prix, zawadi yenye comité ya Bwana Adalbert ilikuwa inapana kila mwaka orchestre yenye kushinda zingine. Kambo alikuwa speaker, mutangazaji wa ku micro. Costume ya kuazima, viatu vinalia, lakini sauti! Banasema ilikuwa inaweza kuamsha mulevi ku jiko ya jirani.

Kabla ya kupana prix, kulikuwa desturi. Mu camp za bafanyakazi, asubuhi capita, musimamizi wa kazi, anaita majina, kila muntu anaitika: « Iko! », maana yuko pale. Banamuziki balikamata ile appel, bakaifanya ya bafu bao. Speaker anaita jina ya mwenye alikufa mu ule mwaka. Salle muzima inaitika: « Iko! » Muntu wa jamaa anasimama na glasi, anamwanga pombe kiloko chini. Bizukulu banapiga makelele ya utani: « Kunywa, mwizi weye! Ya bengine ulikuwa unamaliza! » Bantu banacheka, banalia, mufu anaenda zake muzuri.

Mufu mwenye habakumuita, balisema, anabakia ku mulango.

Ule mwaka kulikuwa na Godefroid. Gitare yake njo ilikamataka Micro ya Mukuba mara ya mwisho. Lakini Godefroid alikuwa Muluba wa Kasai, na wakati wa sécession, kuwa Muluba wa Kasai mu ule mji ilikuwa kosa. Majirani benye alikuwa anakopesha chumvi njo balimufukuza. Akakimbilia ku camp ya bakimbizi, gitare ku kichwa. Homa ikamumalizia kule, chini ya hema.

Na Godefroid alikuwa kaka ya Mado, bibi mwenye kambo Constantin alioa. Shemeki yake. Mwenye alipiga gitare ku ndoa yao mupaka bidole bikatoka damu.

Nyuma ya pazia ya salle, Bwana Adalbert alimukaribia kambo. Akasema pole pole:

« Ule wa camp, tumuache. »

« Président, ni shemeki yangu. »

« Justement. Unataka salle yote ijue bibi yako ni wa wapi? » Akapanguza lunettes za macho. « Na ile kazi ya ku radio, nimekuombea. Usinipatishe haya, mon petit. »

Kambo alisema maisha yake yote kama alinyamaza juu ya kumuchunga Mado. Pengine. Lakini kazi ya ku radio, aliikamata.

Akapanda ku estrade.

« Chomba! »

« Iko! »

« Symphorien! »

« Iko! »

« Léonard! »

« Iko! »

Mado alikuwa amekaa mbele, foulard ya kichwa mupaka ku macho, glasi imejaa mu mikono yake yote mbili. Alikuwa anangojea. Kambo Constantin akaangalia viatu vyake.

« Ni bale tu. Orchestre, muziki! »

Hakuna mwenye alipiga. Bote balijua jina yenye ilibakia. Bote. Hakuna mwenye aliita ile jina.

Halafu, kule nyuma, ku mulango:

« Iko. »

Pole pole. Sauti ya muntu mwenye kiu.

Bantu bakageuka. Mulango ilikuwa wazi. Kulikuwa jua tu.

Mado akaangalia glasi yake. Hakukunywa. Hakumwanga. Kitenge yake ilikuwa mukavu. Na glasi ilikuwa mutupu.

Kesho yake asubuhi, kambo alisimama mu lupango, inje ya nyumba, akaita mutoto wake, ule njo baba yangu:

« Émile! »

« Iko, » ikaitika ndani ya nyumba.

Na Émile alikuwa mbele yake. Kinywa imefungwa. Anaangalia nyumba.

« Baba, » akasema, « nani anaitika jina yangu? »

Kuanzia pale, ilikuwa kila jina. Anaita jirani: « Iko. » Anaita imbwa: « Iko. » Ku radio, alikuwa anasoma communiqués, matangazo ya bafu, na nyuma ya kila jina, technicien anasikia « Iko » mu casque ya masikio. Technicien alikataa kuingia tena. Kambo bakamurudisha ku nyumba. Bon débarras, ilimufaa, kama unaniuliza.

Lakini siku moja Émile alipotea ku mto Naviundu. Kambo akakimbia ku mto, anaita.

« Émile! »

« Iko, » mu matete ya kushoto. Akakimbia kushoto.

« Émile! »

« Iko. » Mbali kidogo.

Émile alikuwa kuume. Matope ilifika ku kifua. Alikuwa analia, baba yake anamupa mugongo, anaenda. Mama mumoja mwenye kufua nguo njo alimuvuta. Mupaka leo sauti ya baba yangu iko kama ya muntu mwenye muchanga mu koo.

Kambo hakuita tena muntu kwa jina. Batoto, alikuwa anabapigia makofi. Bibi, anamupigia muluzi.

« Muite yeye mwenyewe, » Mado akamuambia. « Unajua nani. »

Kambo akaenda mu lupango, nyuma ya choo. « Godefroid! » Kimya. « Godefroid! Shemeki! » Ata jani haikutikisika. Alilalamika mupaka majirani bakafunga madirisha. Ile sauti yenye ilikuwa inaitika jina ya imbwa, jina yake yenyewe ilikataa.

« Baba Émile, » Mado akasema, « ulimuacha mbele ya bantu. Sasa unamuita nyuma ya choo? »

Kambo alitafuta salle ya kumuitia mbele ya bantu. Sécession ilikwisha, comité ilikufa, Adalbert alihama. Kambo alizeeka na makofi yake. Wakati alikufa, nilikuwa mu secondaire. Ku kilio, kule Ruashi, tulisimama bizukulu bote, tukaita: « Constantin! » Kabla tufungule kinywa ya kuitika, mulango ikaitika. Na ku banc, karibu ya sanduku, kulikuwa glasi moja ya pombe. Povu ingali inapanda. Hakuna mwenye aliileta.

Sasa banaufufua ule prix. Micro ya Mukuba, édition du retour! Écran géant, tapis rouge, violon ya kulizisha bantu. Ku écran bakapitisha bapicha ya bafu: Chomba, Symphorien, Léonard. Ata Adalbert, « fondateur visionnaire », ati mwanzilishi mwenye kuona mbali. Merde! Godefroid, hapana. Nikaenda kuuliza dame wa communication.

« Godefroid nani? Iko na vues ngapi ku internet? »

« Madame, alikufa wakati wa sécession. »

« Voilà, » akasema, anaangalia téléphone.

Bibi yangu Martine amezaa. Mutoto mwanamuke, Edith. Miye sijamuita bado, ata mara moja. Namupigia makofi, Martine ananiona mujinga. Jana muchana alikuwa anakunja nguo, akamuchezea: « Edith? »

Mutoto alikuwa analala.

« Iko, » nyuma ya armoire.

Leo asubuhi, chini ya kitanda ya mutoto, nimekuta glasi. Mutupu. Martine anasema haiko yetu.

Bantu ba comité, sitaki invitation yenu, sitaki badge. Rudisheni bantu mu salle ya Katuba, muchana, milango wazi. Washeni micro. Mumuite Godefroid, mupiga gitare, mwana wa Kasai, mwenye kufa mu camp. Halafu munyamaze. Mungojee aitike.

Glasi, nitaileta miye.