Bushi Kumi na Moja

Asubuhi foleni ya dirisha la stoo ilikuwa ya kusukumana viwiko, kila fundi anataka vipuri vyake kwanza. Fundi mmoja mrefu wa injini za ndege, waliyemwita Mlingoti, aligeuka na trei mkononi akammwagia dada wa kuosha vipuri skrubu zote miguuni. Dada hakupiga kelele. Alichuchumaa na ovaroli yake ya bluu iliyopauka, kitambaa cha manjano kichwani kimefungwa kwa madaha kama anakwenda harusini, akaziokota.

"Bado moja," alisema. "Umeikanyaga."

Mlingoti akainua mguu. Kweli ilikuwepo.

Toka siku hiyo hakukosa sababu ya kupita kwenye beseni la kuoshea. Karakana nzima ilimwita dada yule Mafuta Taa, kwa harufu isiyomtoka hata ajipake manukato gani; Mlingoti akadai ndiyo harufu inayompa njaa ya kuishi. Kila wakitoka kazini walipigiana simu mpaka masikio yanapata moto. Mama yake Mafuta Taa akauliza huyo anayemchekesha mwanawe anafanya biashara gani. Akajibiwa kwamba anauza maneno, na bei yake ni nafuu.

Kazi ya Mafuta Taa ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Kipuri kikitolewa kwenye ndege hufungwa kadi nyekundu, na mstari wa mwisho wa kadi huandikwa neno moja kati ya mawili: kitengenezwe, au kisagwe. Cha kusagwa ni lazima kivunjwe siku ileile, kisije kikauzwa mtaani na kurudi angani.

Siku moja Mlingoti alifungua kabati la Mafuta Taa amfichie chokoleti. Akakuta kopo la maziwa. Ndani mlikuwa na bushi kumi na moja, zile pete za chuma zinazoshika mkono wa kufungulia mafuta ya injini, kila moja na kadi yake: kisagwe, kisagwe, kisagwe. Hata moja haikuvunjwa.

Mafuta Taa alipotokea, alimkuta amelishika.

"Unamuuzia nani?"

Angeweza kumweleza. Lakini katika maswali yote duniani mpenzi wake alikuwa amechagua hilo.

"Nenda kaseme," alimwambia. "Miguu si unayo mirefu."

Hakwenda kusema. Ila msimamizi alikuwa anapita, akasikia. Mafuta Taa akaitwa ofisini kesho yake saa nne, na kila mtu alijua anaitiwa barua ya kufukuzwa. Jioni hiyo Mlingoti alipiga simu mara ishirini na tatu. Hazikupokelewa. Shangazi mtu alishauri binti akifika alie kidogo, wakubwa wanapenda machozi. Binti akasema yake hayagawi.

Aliingia na kitambaa chake cha manjano, akamwaga bushi juu ya makaratasi ya mkuu wa karakana, akazipanga kwa tarehe.

"Sheria nimeivunja, andika. Lakini utanifukuza ukishatazama. Zote zimelika sehemu moja, hapa, pale mkono unapokaa ndege ikishatulia angani. Ingekuwa ni uchafu, zingelika pote. Mimi ndiye naziosha."

Mkuu akauliza injini amesomea wapi.

"Nimeishia darasa la saba. Wewe uliyeendelea niambie, zinalika na nini wakati ndege imetulia?"

Mlingoti, aliyeitwa kama shahidi, akashika ya kwanza, ya tano, ya mwisho. Uso ukambadilika. Akaeleza polepole kwamba ni kompyuta ya injini: inasahihisha hata tofauti ndogo ya kasi isiyomdhuru mtu, mbele kidogo, nyuma kidogo, mara maelfu kwa safari moja, na mkono unasaga bushi palepale. Iambiwe iyaache madogo, ijibu makubwa tu.

"Nne kati ya hizi nilizitoa mwenyewe," alimalizia, "na sikuona kitu. Ameona yeye. Ukimfukuza, andika barua mbili."

Mafuta Taa alipewa onyo la maandishi. Alilisaini, kisha akakataa kutoka ofisini mpaka ripoti ya kwenda kwa waliotengeneza kompyuta iandikwe nani aliyegundua. Iliandikwa.

Mlangoni Mlingoti alianza kuomba radhi. Akakatizwa.

"Simu ishirini na tatu. Wewe na hiyo kompyuta ni ndugu, mnanimaliza. Niache. Ukiwa na jambo kubwa, njoo."

Mlingoti akanyamaza miezi minne, amekonda. Kompyuta zikarekebishwa. Siku bushi ya kwanza ilipotolewa kukaguliwa ikiwa laini kama mpya, alifika kwenye beseni na kadi nyekundu imening'inia kwenye kifungo cha ovaroli yake. Kipuri: fundi. Kasoro: mdomo ulitangulia akili. Mstari wa mwisho ulikuwa mtupu.

"Hili ni kubwa," alisema.

Mafuta Taa akafuta mikono, akachomoa kalamu sikioni kwa Mlingoti, akamvuta kola mpaka akainama. Mafundi wakaweka spana chini. Aliandika bila haraka, herufi kubwakubwa, akamwachia.

Kitengenezwe. Kiletwe kwa mama Jumamosi, na wazazi wake.