Buluu Iliyobaki Kiganjani

Umewahi kumwona mtu akiukasirikia ukuta? Mimi nimemwona, naye ni mjukuu wangu Batul, wa miaka kumi na miwili wakati huo.

Hapa Shefshaweni, mji wetu wa Moroko, kila Shaabani tunapaka nyumba chokaa kabla ya Ramadhani. Mwaka ule mama yake, Zuhur, alichanganya ndoo mbili za chokaa: moja akaitia unga wa buluu, nyingine udongo wa njano. Akapaka viraka viwili, kila kimoja upana wa sinia, katika chumba walicholala Batul na dada yake Ihsan.

"Chokaa mbichi inadanganya," akasema. "Ikikauka kesho ndipo tutachagua."

Ihsan, aliyekuwa anaolewa baada ya Idi, akacheka. "Mie nimeshachagua njano. Wageni wa harusi wataingia humu. Buluu ni ya ngazi za mtaani na paka wanaolala humo!"

"Paka ni wewe!" Batul akafoka. Hakuna aliyemjali.

Asubuhi, njano ilikuwa imekauka laini kama siagi. Buluu ilikuwa nzito kama wino.

"Mbona nilitia kijiko kimoja tu?" Zuhur akashangaa.

Nikapitisha kiganja juu yake. Kikatoka buluu tupu. Chokaa ikizidishiwa unga haishiki ukuta. Humpaka vumbi kila anayeegemea.

"Nani ameongeza?" nikauliza.

"Si mimi!" Batul akasema, mikono mgongoni.

"Hebu toa mikono," nikamwambia.

Kucha zote kumi zilikuwa buluu.

"Mwongo mkubwa we!" Ihsan akapiga kelele. "Je, ningeegemea nimevaa kaftani yangu ya harusi?"

"Basi ni njano, na maneno yamekwisha!" Zuhur akasema.

Batul akaupiga ukuta ngumi. Nikaukamata mkono ule.

"Umefanya hila, mjukuu wangu, ukaongeza na uongo. Kiraka hicho utakikwangua mwenyewe, na dada yako utamwomba radhi. Mtu akiwa na jambo moyoni hulisema kwa mdomo, hapaki kwa siri ukutani. Haya, liseme."

Akaomba radhi, meno yameumana. Kisha machozi yakamtoka. "Nilitaka buluu ishinde! Ihsan anaondoka. Mimi ndiye nitakayebaki humu peke yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza!"

Zuhur akaitazama brashi yake. Ihsan ndiye aliyeinama, akamfuta dada yake uso kwa ncha ya mtandio.

"Haya, nakuuliza. Unataka rangi gani?"

"Buluu," akasema Batul. "Ya kijiko kimoja."