Kokoto Kibuyuni

Kila asubuhi kabla ya shule nilifagia jiko la marehemu bibi, kisha nikatikisa vibuyu vyake vitatu vya mbegu vilivyoning'inia juu ya meko. Bibi alinifundisha kusikiliza: mbegu nzima hulia kavu, iliyobunguliwa huwa bubu.

Kibuyu cha tatu nilikiogopa. Kililia kama mtu anayesaga meno, na sababu niliijua peke yangu.

Siku moja mama aliniachia debe la maharage meupe nipukuchue, nipike. Uvivu ukanishika. Nikapika mbegu ya bibi, maharage ya zambarau yaliyokuwa kwenye kibuyu cha tatu, tayari yamepukuchuliwa, nikatia kokoto humo kibuyuni ili mlio usipotee. Baba alikula, kisha akasema, "Yamenikumbusha mama." Tangu hapo mlio ule ulinifuata hadi darasani.

Msimu uliofuata ugonjwa wa kutu uliingia mashambani. Kijiji kizima kilikuwa kimepanda maharage meupe, nasi tukamaliza ya vibuyu viwili vya kwanza, kwa kuwa wanunuzi hawakutaka mengine. Majani yote yakaungua.

"Mvua bado ipo," mama alisema. "Tupande ya bibi. Yale hayajali kutu."

Akanyoosha mkono kushusha kibuyu cha tatu.

"Mama, usifungue!" Nikalia, nikasema yote.

Hakunipiga. Aliketi kwenye kigoda, akamimina kokoto mapajani, akazihesabu moja moja. Heri angenipiga.

Shangazi alipopata habari, alikuja na kikapu cha maharage ya zambarau.

"Bibi yenu alikuwa akiwaazimisha watu konzi moja ya mbegu, ukivuna unarudisha mbili," alisema. "Mimi sikurudisha. Nina mstari mmoja wa maharage hayo nyuma ya nyumba, na nusura niung'oe kwa kuwa hayana mnunuzi. Haya, deni hilo."

Tulipanda. Tulipovuna, nyumba kumi zilipewa konzi moja moja kwa sharti lile lile la bibi.

"Soko hulipia cha leo," shangazi aliniambia. "Anayetunza cha mwaka mbaya halipwi na mtu, kwa hiyo mzigo tugawane. Nawe ungesema mapema, tungetafuta mapema. Kosa lililofichwa hubungua kama mdudu."

Mama alijaza mbegu ya zambarau katika vibuyu viwili. Cha tatu alikirudishia kokoto.

"Hicho ni chako," alisema.

Bado nakitikisa kila asubuhi. Bado kinasaga meno.