Gramu Moja kwa Pipa Zima

Kila asubuhi Kinsi aliamshwa na filimbi ya askari. Alibeba debe lake na kupanga foleni penye pipa la maji, ndani ya seng'enge. Ilikuwa mwaka 1967, na vita kati ya serikali na waasi vilikuwa vimewafungia wafugaji wa Garissa katika vijiji vya ulinzi. Kwenda mtoni Tana kulikatazwa. Maji yaliletwa na lori, machafu, na watoto waliharisha.

Mdogo wake, Shurie, walikuwa wamekwisha kumzika. Sasa mdogo wao wa mwisho, Keynan, naye alilala mapajani mwa mama yao, midomo imekauka, macho yamezama.

"Hooyo, atapona?" Kinsi alimuuliza mama.

Mama yake, Batula, alimlowesha mtoto midomo kwa kidole.

Kinsi alikimbilia kwenye pipa. Mjomba wake Duale, mwalimu wa sayansi ambaye shule yake ilikuwa imefungwa, alikuwa akipima unga wa klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, ulioletwa jana yake. Gramu moja tu, kwa pipa zima! Kinsi akamnyang'anya kopo.

"Abti, mjomba wangu, utatumaliza! Tia wote!"

Duale alimdaka mkono. "Ukiumwaga wote, maji haya hayatanyweka, na pipa la kesho litakosa dawa. Keti tuhesabu."

"Watu wanakufa, nawe wataka hesabu?"

"Ndiyo maana naitaka."

Huku machozi yakimtiririka, Kinsi aliandika mchangani kwa kidole. Kama Duale alivyomfundisha, gramu 143 za dawa ile zina molekuli sita ikifuatwa na sifuri ishirini na tatu. Akagawanya kwa 143, akapata molekuli za gramu moja.

"Usiishie hapo," Duale alisema. "Kila molekuli ina atomu ngapi za klorini?"

"Mbili." Akazidisha. Themanini na nne, kisha sifuri ishirini! Kila tone la pipa lingepata mamilioni kwa mamilioni ya atomu.

Akarudisha kopo. Walichuja tope kwa kitambaa, wakatia dawa, wakakoroga na kusubiri. Mama alimnywesha Keynan maji yale kijiko baada ya kijiko, pamoja na maji ya mchele. Baada ya siku chache mtoto alilia kwa njaa, na Batula akalia naye.

"Laiti dawa ingewahi, Shurie angekuwa nasi," Duale alisema kwa huzuni. "Uchungu wako ni wa haki, Kinsi, lakini uchungu haupimi dawa. Usidharau kidogo kwa kuwa jicho halioni kilichomo. Pima, hesabu mpaka mwisho, ndipo utie."