Pua ya Bajaji Iliyogoma Kuganda

"Kesho asubuhi gonga hii pua kwa nyundo, uone nyundo itakavyolia!" Niyongabo alimwambia dada yake Kezia.

Bajaji ya Niyongabo ilikuwa imepasuka pua, na ndiyo ingempeleka Kezia kanisani kuolewa Jumamosi. Wakwe walikuwa wanatoka Kibondo, na Kezia alishasema hapandi chombo kisicho na pua.

Niyongabo akabandika kitambaa cha fiba, akakipaka gundi ya epoksi. Kisha akaifunika kwa majani ya migomba, kama ndizi za kuivisha.

Ijumaa asubuhi, baridi ya Kasulu ikiuma masikio, Kezia aligusa. Kidole kikanasa.

"Kaka, hii ni pua au asali?"

"Inaiva, mdogo wangu."

"Na mimi niolewe ikishaiva?"

Niyongabo akakimbilia chupa ya kigumisho, ile dawa ya kugandisha, aipake juu.

"Weka chini!" Alikuwa jirani yao Zuhra, aliyeunda boti za fiba Kigoma miaka sita. "Ulipimaje?"

"Kwa jicho, dada. Kigumisho vifuniko viwili vya soda, kama wanavyofanya mafundi wa bodi za magari."

"Yao ni gundi nyingine, hutaka kigumisho kidogo. Hebu soma kopo lako."

"Kwa ujazo, mbili kwa moja."

"Haya! Epoksi vikombe viwili, kigumisho kimoja. Usipunguze, usizidishe. Kupaka juu hakusaidii. Baridi huchelewesha tu, na majani yameleta unyevu. Lakini kipimo kikikosewa, utangoja mpaka Krismasi."

"Sasa tufanyeje? Harusi ni kesho!"

"Tunakwangua yote. Vaeni glovu!"

Kazi ikachemka hapo uani, penye hewa. Wakakwangua ule ute, wakafuta kwa asetoni, dawa ya kusafishia inayoshika moto upesi, mbali na jiko, wakapiga msasa. Zuhra akapima kwa vikombe vinavyolingana. Niyongabo akakoroga dakika tatu nzima, akikwangua pembeni na chini ya kopo. Wakabandika kitambaa kipya, wakapaka upya, wakaisukuma bajaji juani. Jioni wakaiingiza ndani, pakavu.

Jumamosi saa nne Kezia aligonga kwa kucha. Ko! Ko! Akapiga kigelegele mpaka shela ikamvuka.

Kanisani mashemeji waliizunguka bajaji.

"Fundi ni nani?"

"Mimi hapa!" Niyongabo akatunisha kifua. "Epoksi nimezaliwa nayo. Sijafundishwa na mtu."

Kwenye kiti cha nyuma, kando ya bibi harusi, mtu akakohoa. Zuhra akachungulia nje.

"Endelea, fundi," alisema. "Jana nilikuwepo."