Mashine Isiyo na Kiti

Likizo ilipofika, Chiriku alifuatana na mama yake kazini kila asubuhi. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alikuwa fundi wa kompyuta kwenye kampuni ya kusambaza dawa, tena kwa kibarua cha muda tu. Meneja alimwahidi ajira ya kudumu akimaliza kazi moja: kuchora kwenye karatasi kubwa ukutani kila mashine ya kampuni, na mstari wa kuiunganisha na kazi inayoitegemea. Mashine zisizo na kazi zingezimwa.

“Wewe utanisaidia kufuata nyaya,” mama alimwambia. “Usiishie kuuliza watu. Shika waya, uufuate mpaka mwisho wake.”

Chiriku alifanya hivyo vizuri mpaka alipofika chumba cha nyuma. Hapo palikuwa na kompyuta kuukuu sakafuni, haina skrini wala kiti mbele yake. Waya wake ulipenya nyuma ya makabati mazito yaliyojaa buibui. Chiriku aliwaogopa buibui kupita kiasi. Akamuuliza karani aliyekuwa akipita, “Hii nani anaitumia?”

“Sijawahi kuona mtu hapo,” karani akajibu, akaenda zake.

Chiriku akarudi kwa mama. “Ile ya nyuma haina kazi.”

“Umefuata waya mpaka mwisho?”

“Nimefuata, mama.” Uongo ulimtoka kirahisi kama anaitikia salamu.

Mama akaizima Ijumaa jioni. Jumatatu walimkuta mtunza stoo amejishika kichwa. Kompyuta ile ndiyo iliyoongoza ubaridi wa chumba cha dawa za kisukari. Shehena nzima ilikuwa ya kutupwa, na zahanati zilikuwa zikipiga simu kuulizia dawa za wagonjwa wao.

“Nani alikwambia haina kazi?” meneja aliuliza.

“Kosa ni langu,” mama akasema. “Nimezima bila kuhakikisha.”

“Si mama!” Chiriku alilia. “Mimi nilidanganya. Sikuufuata ule waya, niliogopa buibui.”

“Umefanya vyema kusema, binti,” meneja akajibu. “Lakini kazi hii sikumpa mtoto.”

Hapo hapo kibarua cha mama kikaota nyasi. Dawa nyingine ziliazimwa kutoka kampuni jirani, na wagonjwa wakapata. Kabla ya kuondoka, Chiriku alijipenyeza nyuma ya makabati katikati ya buibui, akaufuata waya hadi ukuta wa chumba cha baridi. Kisha akauchora mstari uliokosekana kwenye karatasi ya ukutani. Haikumchukua hata robo saa.

Njiani alimbebea mama mkoba wa vifaa. “Nimesema ukweli, mama. Mbona wamekufukuza?”

“Umeusema dawa zikiwa zimeshaharibika, mwanangu. Na mimi nilikosea kukupa kazi yangu. Ungeniambia unaogopa buibui, ningekwenda mwenyewe. Ukisema hujui, mtu mwingine atakwenda kuangalia. Ukisema unajua, hakuna tena anayeangalia.”

Chiriku hakuongea tena mpaka walipofika nyumbani.